Mtangazaji wa Mikate

Baba alikuwa akitangaza mikate. Sisemi alipita mitaani akiiuza kwa kelele, la. Alisimama mbele ya tanuri, jasho linamtiririka, ameshika ule ubao mrefu wa kuingizia na kutolea mikate, akaitangaza kama mechi ya mpira inavyotangazwa redioni. "Naam, msikilizaji, yule wa pembeni anainuka! Anapanda, anapanda, amemwacha mwenzake wa katikati... oooh! Amepasuka kichwani! Nafasi ya wazi kabisa, ameipoteza!" Wakandaji wa unga walicheka mpaka mikono ikawalegea. Mwenye kiwanda, mtu asiyecheka hata umtekenye, alipita mlangoni asiseme neno, kwa sababu zamu ya baba ndiyo pekee iliyokuwa haina mtu wa kusinzia.

Ndiyo maana watu walimwita Mtangazaji, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho. Uwanjani penyewe haendi. Ukimwuliza timu yake ni ipi anakutajia iliyoshinda jana. Alichopenda si mpira, alipenda kutangaza. Alimtangaza paka akivizia samaki wa jirani. Alimtangaza fundi bomba akihangaika kurudisha gari nyuma kwenye kichochoro chetu. Jioni aliweka kiti mlangoni akawatangaza watoto wa mtaa wakicheza mpira wa matambara, na watoto walimngojea, maana goli ambalo halijatangazwa na Mtangazaji lilikuwa na ubishi. Siku tuliyomzika mjomba, waliokuwa wakishusha jeneza walianza kubishana kamba ya upande gani ilegezwe, na nikaiona midomo ya baba inacheza. Mama naye akaiona. Alimkanyaga kwa kisigino palepale mbele ya kaburi, bila kugeuza uso.

Mama hakuipenda tabia ile hata kidogo. "Mtu mzima na mvi zake," alikuwa akisema, "kazi kupiga domo tu. Utotoni hukucheza?" Baba hajibu. Alikuwa mtu wa maneno mengi na majibu machache. Ukimwuliza jambo la nyumbani, la mtoto anayeumwa au paa linalovuja, alijikuna kisogo, akatazama dari, akasema "tutaona," basi. Sijapata kumsikia akimwambia mama neno tamu, wala chungu. Nyumba nyingi ziko hivyo, na watu wanaishi.

Kiharusi kilimkuta kazini asubuhi, katikati ya sentensi. Rafiki yake, ambaye kazi yake ni kupima madonge ya unga kwenye mizani na ambaye sote tunamwita Mpimaji, ndiye aliyetuletea habari. Alisema baba alikuwa anatangaza trei ya mwisho. Baba akasema "anapiga, anapiga," kisha akatamka kitu kisichoeleweka, na wenzake wakacheka wakidhani ni kionjo kipya. Waliendelea kucheka mpaka alipoanguka. Mpimaji alituambia hayo akiwa amesimama, kofia ya kazi mkononi, unga kwenye nyusi, na alikataa kiti.

Hospitali walimwokoa uhai. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea, mdomo umevutwa upande mmoja, na maneno yalikuwa yamekwenda yote isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "bado." Sijui kwa nini lilibaki hilo.

"Baba, umeshiba?"

"Bado."

"Unasikia maumivu?"

"Bado."

Hata akitaka kukataa, hata akitaka maji, hata mto ukimbana shingo, ni bado, bado, bado, na macho yake yanaonyesha kabisa kwamba silo alilokusudia. Hapo ndipo machozi yalipokuwa yakimtoka. Watu waliokuja kumwona walinong'ona uani kwamba amekata kauli, kana kwamba tayari tulikuwa tunatandika mikeka.

Kisha akaja shangazi, dada yake baba, na begi lake na hofu yake. Alikuwa ameshamzika mdogo wao mmoja kwa ugonjwa huohuo, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Daktari alikuwa ametuambia mambo kadhaa: dawa za presha kila siku, chumvi ipungue, mazoezi ya mkono na mguu, na mgonjwa apate utulivu. Katika yote hayo shangazi alishika moja, utulivu, akalishika kwa mikono miwili.

"Kelele ndizo zilizompasua mshipa," alisema. "Si alianguka akipiga kelele? Nani asiyejua? Miaka yote anapayuka kwenye joto lile. Sasa basi. Humu ndani sitaki kelele tena."

Redio aliifunga kwenye kitambaa akaipeleka kwake. Mawe mawili ya goli pale kichochoroni aliyaokota mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu, akayatupa mtaroni, na watoto akawaambia wakachezee kwingine, hapa pana mgonjwa. Wakandaji wa unga walipokuja na vichekesho vyao aliwapokea mlangoni: "Kama mmekuja kumchekesha kaka yangu, rudini mlikotoka." Waliingia wakakaa kama wako mahakamani, wakasema pole, wakasema Mungu yupo, wakaondoka. Hakuna aliyembishia shangazi. Mama alikuwa amechoka, nami niliona ni maneno ya mtu mzima aliyeyaona haya kabla yetu. Isitoshe, yalionekana ya busara. Nani angesimama kutetea mchezo wa kutangaza mikate mbele ya kitanda cha mgonjwa?

Basi nyumba ikanyamaza. Tulitembea kwa vidole, tukaongea kwa kunong'ona, vijiko tukaviweka kwenye sahani taratibu. Na baba, ndani ya utulivu ule tuliomtengenezea kwa mapenzi yote, akaanza kwenda. Kwanza aliacha kugeuka mtu akiingia. Halafu akaacha kulia, na sisi tukafurahi, tukasema ametulia. Halafu akaacha kula. Ukimpelekea kijiko anafumba mdomo na kuutazama ukuta.

Kila wiki nilimpeleka hospitali kwa binti mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuwarudisha wagonjwa kwenye kusema. Nyumbani tulimwita Mwalimu. Alikuwa na subira ya ajabu. Alimwekea baba picha mezani, kikombe, ufunguo, kiatu, akamwambia, "Mzee wangu, hiki nini?" Baba akatazama kikombe, shingo ikamsimama mishipa, akasema, "Bado." Siku moja hakusema hata hilo. Mwalimu akakusanya picha zake, akanitoa nje kwenye korido.

"Dada yangu, sitakuficha," aliniambia. "Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye nafasi kubwa. Akikaa kimya sasa, anaweza kukaa kimya moja kwa moja. Na hilo la kutokula linanitisha zaidi. Nyumbani kuna kitu anachokipenda?"

Nikamjibu kwamba hakuna, ni mtu wa kazi na nyumbani tu. Ukweli ni kwamba sikukumbuka, kwa sababu sikuwa nimewahi kukihesabu kuwa ni kitu.

Jioni ile nilimkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, bakuli la uji limepoa mapajani. Alikuwa amemshika baba kidevu, kamgeuza uso kwa nguvu kidogo.

"Nitazame," alimwambia. "Mimi unanijua? Unanijua mimi ni nani?"

"Bado," alisema baba.

Mama aliweka bakuli chini. Hakulia mbele yake. Alitoka uani akaanza kufua mashuka ambayo nilikuwa nimeyafua asubuhi, na nikamwacha. Alikuwa ameishi na mume asiyemwambia mambo, na hilo alilizoea. Kuishi na mume asiyemjua hakukuweza, na hakuna mtu aliyeweza kumwambia kama ndivyo au sivyo.

Jumapili iliyofuata shangazi alikwenda kwake kuangalia nyumba. Nilimtoa baba mlangoni apate jua, nikamweka kwenye kiti, mto ubavuni, nikarudi kuanika nguo. Watoto nao hawakosi habari. Walipojua kwamba yule bibi mkali kaondoka, walirudi kichochoroni na mpira wao, wakaweka ndala mbili kuwa goli. Nilisema nitawafukuza nikimaliza kuanika shuka hili. Nikamaliza, nikachukua jingine.

Ndipo nikamsikia. Sauti ilikuwa nzito, imekwaruza, maneno yanatoka yamebonyea upande mmoja, lakini ni maneno. "Anakwenda... anakwenda... anamtoka mmoja... anapiga... oooh! Nje! Mpira... nje!"

Watoto wakasimama. Mama alitoka jikoni mbio, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Umesema! Umesema nini? Sema tena, baba watoto. Sema!"

Baba alimtazama. "Bado," alisema. "Bado, bado." Na machozi yale tuliyoshangilia kuisha yakarudi.

Mtoto mmoja, kwa kutojua afanye nini, akaupiga mpira ukagonga ukuta. "Unarudi!" baba akasema juu ya kichwa cha mama. "Unarudi... anautuliza... kwa kifua!"

Mama akabaki pale chini amepiga magoti, povu linamkauka mikononi. Kisha akawageukia wale watoto, yeye ambaye miaka nenda miaka rudi aliwaita mbwa koko, akawaambia kwa sauti ya kuomba, "Chezeni. Chezeni, wanangu, msiache." Jioni baba alikula bakuli lote.

Mwalimu nilipomweleza hakushangaa sana. Alisema wapo wagonjwa wa namna hiyo: mwingine hawezi kukuambia jina lake lakini anaimba wimbo wa utotoni mpaka mwisho. Maneno tunayoyatafuta ili kumjibu mtu yana njia yao, na njia hiyo kwa baba imeharibika. Maneno aliyoyasema maelfu ya mara kwa furaha, bila kutafuta, yamepita kwingine. "Sikuahidi kitu," alisema. "Lakini mlango ndio huo. Mpitie hapo hapo." Kisha akaniuliza, bila ubaya, ilikuwaje nikamwambia hana anachokipenda.

Shangazi aliporudi akaikuta ile kelele ilikuwa nusura tuuane. Alisimama katikati ya kichochoro, mpira kwapani, watoto wametawanyika kama kuku.

"Mnataka kumuua kaka yangu! Nimezika mmoja, mnataka nizike wa pili? Mtu wa presha mnamwacha anapayuka? Wifi, kaka yangu si redio!"

Mama alikuwa mtu wa kumwinamia wifi yake tangu alipoolewa. Siku hiyo hakuinama. "Wifi," alimwambia, na sauti haikupanda, "kaka yako akinyamaza hali. Akitangaza anakula. Mimi ndiye ninayemlisha. Kama una dawa nyingine, ilete. Kama huna, nipe huo mpira."

Shangazi alitazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono, na hakuna aliyejitokeza. Akatoa mpira. Kisha akakaa kizingitini akalia kwa sauti, akimtaja yule ndugu yao aliyekufa, kwamba alikufa na redio masikioni. Hapo nikaelewa ule utulivu wote ulitoka wapi. Mama akaketi karibu naye, wakakaa hivyo wawili, na baba nyuma yao akawa anatangaza kona.

Tatizo ni kwamba watoto wana shule, na mvua inanyesha, na mtu anahitaji kusema mambo mengine maishani kuliko "mpira nje." Mwalimu alitaka maneno yaongezeke: maji, choo, mto, dawa. Yakiwa kwenye picha, baba anakwama. Basi mama, ambaye hakujua kona ni nini wala kwa nini refa anapuliza, akatafuta njia yake. Alijigeuza mechi.

Alianza kwa aibu, milango imefungwa. Alichukua jagi la maji akalishika mbele ya baba, akapiga hatua kwenda dirishani, akageuka. "Haya," alisema, amekunja uso kama anayemeza dawa, "mpira huu hapa." Baba alilifuata jagi kwa macho. "Anachukua..." alisema. Mama akatembea. "Anachukua... maji. Anageuka. Anakuja na maji... anakuja, anakuja..." Na mama akaja na maji, akamnywesha. Siku zilizofuata ilikuwa sahani, ilikuwa shati, ilikuwa ufagio. Ukipita nje ya dirisha letu ungesema wote wawili wamerukwa na akili: mwanamke mwenye heshima zake anapiga chenga kati ya meza na kabati na sufuria mkononi, na mumewe anamshangilia. Hata shangazi akishasali mchana alikuja kukaa golini, yaani mlangoni, akiwa bado amenuna. Akimwona kaka yake anahema sana anainua mkono na kusema mapumziko.

Nisije nikawadanganya kwamba baba alipona. Hakupona. Hakurudi kwenye tanuri, na ukimwuliza swali la moja kwa moja alikwama hadi mwisho. Kiharusi cha pili kilimchukua, na tumeshamzika, na siku hiyo mama hakumkanyaga mtu mguu. Lakini kati ya cha kwanza na cha pili alipata wakati, na katika wakati huo alinenepa, akajifunza kutembea na fimbo hadi mlangoni, akacheka na Mpimaji, ambaye alikuwa akija baada ya zamu na mkate wa moto kwapani. Kuna watu wanaoniambia ni Mungu tu na dawa. Nakubali vyote viwili. Ila dawa zilikuwapo pia wakati ule alipokuwa akiutazama ukuta.

Swali la mama, hata hivyo, lilibaki. Hakulirudia tena kwa mdomo, lakini nililiona usoni mwake kila alipomvisha shati. Mtu anaweza kutangaza sahani bila kumjua anayeibeba. Baba alisema "anachukua," alisema "anageuka," hakusema ni nani. Mama aliosha, akalisha, akanyanyua, akacheza mechi yake kila siku, na hakujua kama anamchezea mumewe au mgeni mwenye sura ya mumewe.

Jioni moja tulikuwa mlangoni, baba kwenye kiti, Mpimaji kwenye ndoo iliyopinduliwa, mimi nachambua mchele. Watoto walikuwa hawajatoka shule, kichochoro kitupu. Mama akatokea upande wa sokoni, na kapu. Alikuwa mbali kidogo. Jirani alimsalimia kutoka dirishani, mama akainua mkono akacheka.

"Anaingia," alisema baba.

Mpimaji akatabasamu, akadhani ni mchezo wa kawaida.

"Anaingia... kutoka kulia. Ana kapu. Kapu zito. Anabadilisha mkono." Sauti yake haikuwa ile ya goli. Ilikuwa chini, ya kufuatilia. "Mguu wa kushoto. Mguu wa kushoto... unamuuma. Tangu mvua. Aliuumiza akininyanyua... bafuni. Anaficha. Anawaficha watoto."

Niliacha mchele. Mimi ni kifungua mimba wake, nalala chumba cha pili, na sikujua habari ya mguu.

"Amecheka na jirani. Hakucheka, msikilizaji. Mama yetu huyu... akicheka kweli anaziba mdomo. Amechoka. Anacheza peke yake. Uwanja mzima... peke yake. Hajapumzika. Alfajiri analia jikoni, anafungua bomba... anadhani nimelala."

Mama alikuwa ameshafika karibu, na alikuwa amesikia. Alisimama katikati ya kichochoro, kapu mkononi. Na alipotulia yeye, baba naye akakatika. Mdomo ukabaki wazi, macho yanahangaika, shingo inasimama mishipa kama alivyokuwa kwenye zile picha. Maneno yake yalihitaji kitu kinachokwenda, na sasa hakuna kilichokwenda.

Mpimaji aliinuka kwenda kumpokea mzigo. Nikamshika shati. "Muache," nikamwambia.

Mama alimtazama mumewe, machozi yanamshuka na mikono yote miwili imeshika kapu. Hakumwuliza kitu. Akaanza tena kutembea. Alikuja mpaka mlangoni kwetu, akatupita hatua chache tu kutoka tulipokaa, hakuingia, akaendelea na mguu ule mbovu hadi mwisho wa kichochoro, akageuka na mzigo wake, akarudi polepole ili baba aendelee.